Bastola ya Baba na Harusi ya Aija

Aija, Sur
3 Septemba 1977

Kwa kaka yangu Marhoun, aliyeko Ibra.

Shikamoo kaka. Assalamu aleikum, na rehema za Mola zikufikie wewe na wifi yangu Turkiya na kila aliyefunga hapo nyumbani. Sisi tu wazima. Saumu inakwenda vizuri, ila jua la Sur mwaka huu halina adabu. Mume wangu Marzouq analala sakafuni kila alasiri, na nikimwambia aende dukani akauze hizo mashine zake za mashua ananijibu kuwa hata wavuvi wamelala. Juzi nimepata nazi kwa mtu aliyetoka Dubai, nikapika wali wa nazi. Wifi zangu wameula wote huku wanasema unanuka sabuni.

Sasa jambo lenyewe. Nadhir anaoa. Shemegi yangu Tuwaini, kaka yake Marzouq, ametamka mwenyewe kuwa binti yake Tamima ni wa Nadhir wetu. Harusi itakuwa baada ya Iddi kubwa, Alkhamisi ya mwisho kabla ya Muharram. Nililia kwa furaha, nikanyamaza, kisha nikaanza kulia tena kwa sababu nyingine.

Unawajua jamaa zangu hawa. Kwao harusi haijawa harusi mpaka bunduki ziseme. Upande wa bi harusi wanapiga zao mlangoni, halafu watu wote wananyamaza kumsubiri mjomba wa bwana harusi, ndugu wa mama yake, ajibu kwa silaha ya nyumba yake. Asipojibu, husemwa mama wa kijana huyu hana kwao. Na mimi, kaka, tangu niolewe hapa naambiwa nimetoka Unguja na mbuzi ya kukunia nazi na maneno mengi, basi. Nataka uje na bastola ya marehemu baba umjibie Nadhir mbele yao. Mjomba wake ni wewe peke yako.

Najua wewe na harusi hampatani. Ni ndugu yako mimi, sijasahau. Lakini nakuomba.

Mdogo wako,
Shukriya


Ibra
26 Septemba 1977

Marahaba mdogo wangu Shukriya. Wa aleikum salaam, wewe na Marzouq na Nadhir na wote mlio ng'ambo hiyo ya maji. Iddi ndogo imepita kwa heri. Tende mwaka huu ni nyingi, nyingine tumewapa ng'ombe. Goti la Turkiya linamsumbua, lakini mdomo wake mzima, anakusalimu na anauliza hayo maneno mengi uliyotoka nayo Unguja umeyamaliza au bado.

Nimefurahi kwa habari ya Nadhir. Mungu awape maelewano.

Bastola ipo. Kila mwezi naifungua, naifuta, naipaka mafuta. Gurudumu lake bado linazunguka bila kukwama, matundu yote sita safi, na kitako kile kile alichokichonga babu alipokuwa bara. Tabu ni risasi zake. Hakuna duka utakakozikuta leo, labda makumbusho. Lazima zijazwe kwa mkono, na kazi hiyo, bila kujisifu, mkoa huu wote wa sharkia wananijua mimi. Watu wanatoka mpaka Bidiya kuniletea maganda matupu ya bunduki za babu zao. Nang'oa fataki iliyokwisha kuliwa, naliosha ganda kwa siki, natia fataki mpya, natia baruti, halafu nakandamiza kichwa cha risasi juu na kukizungushia nta. Kazi hii naipenda. Chumba kikinuka baruti namwona baba amekaa pale mkekani, miwani puani, ananiambia nisipumue.

Lakini baruti nyeusi imeniishia, na mzee aliyekuwa akiisaga hapa Ibra amefariki. Nimesikia Nizwa yuko mtu anaitwa Azzan, anauza sufuria mbele na baruti nyuma. Nitakwenda. Wewe niletee chubwi kuukuu za mishipi ya wavuvi, niziyeyushe nipate vichwa vya risasi.

Kuhusu kuja kwangu, tutaona. Kuna zamu yangu ya kufungulia mitende maji ya falaji, na kuna mambo.

Kaka yako,
Marhoun


Aija
14 Oktoba 1977

Kaka, shikamoo. Chubwi anakuletea Thani, yule dereva wa gari ya mizigo anayekuja Ibra kila wiki. Nimempa na papa mkavu wa Turkiya. Mwambie aroweke kwanza, asinilaumu kama mwaka jana. Marzouq ana mafua, na mwanamume mwenye mafua unamjua, kila mtu ndani ya nyumba anaumwa naye. Nadhir amehamishiwa mitambo mipya ya umeme, anarudi amejaa mafuta meusi mpaka masikioni, ananiuliza mjomba anakuja lini.

Hiyo zamu ya falaji, kaka, inashangaza. Siku alipotahiriwa Nadhir bunduki zilipoanza ulikwenda kutazama tangi la maji. Harusi ya binti wa jirani yako ulikwenda kuswali alasiri, na adhana ya adhuhuri ilikuwa haijatoka. Aliporudi mtoto wa shangazi kutoka Kuwait wakampigia risasi za furaha, ukapatikana jikoni unachambua mchele. Mimi sisemi kitu. Nasema njoo tu, ukae karibu yangu.

Nikwambie kinachoninyima raha. Nadhir kasema mjomba asipokuja atajibu mwenyewe, kwa niaba yako, kwa bastola ya babu yake. Mtoto huyu hajapata kushika silaha maishani mwake. Yeye anajua waya na bisibisi. Baba zake wakubwa wamempenda zaidi kwa neno hilo, wanampigapiga mgongoni. Mimi ndiye mama yake, na usingizi umenikimbia.

Shukriya


Ibra
2 Novemba 1977

Mdogo wangu, marahaba. Papa amefika na amerowekwa. Sisi wazima isipokuwa mgongo wangu, umenishika tangu niliporudi Nizwa, na njia unaijua ilivyo. Kwa hiyo usinitegemee sana kwa siku ile. Mtu wa mgongo hawezi kupanda gari ya Thani mpaka Sur.

Lakini nimekufanyia kila kitu. Thani anakuletea bastola, nimeifunga kwa kanga ya mama ile ya rangi ya zabibu, na risasi zimo ndani ya bakuli la halua, chini ya halua yenyewe, ili wanaopekua wapekue utamu. Kimo pia kisanduku kidogo. Hiyo zawadi yangu ya harusi, mrashi wa fedha, kazi ya sonara wa Nizwa. Unashika maji mengi kuliko unavyoonekana. Wanyunyizie wageni marashi, wajue kuwa na sisi tuna kwetu.

Baruti ya huyu Azzan si nyeusi, ni ya kijivu, chembe chembe, safi, haichafui vidole. Aliniambia kidogo kinatosha. Lakini kila muuzaji husema chake kidogo kinatosha mpaka siku ya kulipa. Mimi nimefuata mkono wa baba. Nimepima kwa kile kile kifuniko cha wanja cha mama, nimejaza mpaka mdomoni, nimegonga, nimeongeza. Unakumbuka alivyokuwa akisema: ganda lisibaki na nafasi, nafasi ndani ya ganda ndiyo inayopasua mtutu. Nimezitazama zote moja moja, nzuri kama za dukani.

Nadhir ashike kwa mikono miwili, atazame juu, asiwe na pupa. Kwa niaba yangu namruhusu.

Marhoun


Aija
24 Novemba 1977

Kaka Marhoun, shikamoo, na Iddi ya kheri kwako na wifi yangu. Nyama ya shuwa mwaka huu ilitoka shimoni imeiva mpaka mifupa, nimekukumbuka. Mzigo ulifika salama. Kanga ya mama niliinusa kabla sijaifungua, nikakaa nayo kitandani kidogo. Mrashi wako umezungushwa nyumba nzima, wifi zangu wameugeuza wakatafuta alama ya sonara, wakaurudisha bila neno, nami nikajua wameupenda.

Sasa nisikilize. Siku ya Iddi Tuwaini alitaka kuijaribu bastola huko pwani nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa darini natazama. Alipiga moja. Kaka, mlio ule siujui. Bastola ya baba ilikuwa ikikohoa, moshi mweupe unafunika uwanja, mama anapiga kelele kwa ajili ya nguo zake alizoanika. Hii ililia kavu. Madirisha yalitetemeka, na moshi sikuuona. Mkono wa Tuwaini uliruka mpaka juu ya kilemba chake. Watu wakacheka wakamwambia, "Mashallah, hii ndo silaha, siyo fataki za watoto." Naye alicheka, lakini jioni mkewe alikuwa akimkanda kifundo cha mkono kwa mafuta ya moto.

Halafu ganda halikutoka. Zamani baba alikuwa akiiinamisha tu, maganda yanatudondokea viganjani, tunagombania lenye joto. Hili lilikamata kwenye tundu lake mpaka Marzouq akaligonga kwa msumari na jiwe. Ninalo hapa. Kitako chake kimekuwa bapa na fataki imetoboka. Na nilipokuwa naifuta bastola niliona kwenye gurudumu, ubavuni mwa tundu lile lile, mstari mwembamba kama unywele. Nilimwonesha Marzouq, akasema ni mkwaruzo, kitu cha zamani hicho. Labda. Macho yangu nayo ni ya zamani.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu mimi nauzibaje? Nikisema mbele ya watu risasi za kaka yangu zina kasoro, nimekuvunjia heshima wewe na nimejithibitishia kuwa kweli sina kwetu. Nikinyamaza, ni mkono wa mwanangu, na uso wake, maana ataishika hivyo hivyo mbele ya macho. Risasi zilizobaki nimezificha ndani ya pipa la mchele. Nadhir kila siku ananiuliza, nami kila siku nasahau nilipoziweka.

Niambie ulitia nini. Na unijibu na hili bila kunizungusha: ulipiga hata moja kabla ya kuzileta?

Shukriya


Nizwa
3 Desemba 1977

Shukriya, leo siulizi hali.

Mtu yeyote asiipige ile bastola. Asiipige Nadhir, asiipige Tuwaini, asiipige mtu. Zitupe risasi baharini, bakuli na vyote.

Barua yako ilichelewa. Gari ya Thani iliharibika na yeye na barua wakakaa njiani wakisubiri kipuri. Niliposoma habari ya ganda lililokamata, mgongo ukapona hapo hapo. Nimepanda gari ya kwanza mpaka Nizwa, kwa Azzan. Nimemkuta anapanga sufuria zake. Nilimweleza. Aliingia nyuma akatoka na bunduki ya kizamani, akaiweka juu ya meza. Pale risasi inapokaa pamefunuka, chuma chote kimejikunja kwa nje.

"Hii ya bwana mmoja wa Tanuf," akanambia. "Vidole vyake havikurudi. Sheikh wangu, mi sikukwambia kidogo? Wallahi nilikwambia. Hii si baruti ya wazee. Ile ya wazee unajaza, hii unaonja."

Nikamwambia baba yangu alinifundisha kuwa ganda lisibaki na nafasi.

"Baba yako alisema kweli kwa baruti yake," akasema. "Hii ataijuaje, maskini?"

Nimekaa juu ya sufuria zake. Mdogo wangu, mimi ndiye niliyezijaza kwa mkono huu, kwa mapenzi, nikigonga na kuongeza. Ile moja ya Tuwaini ilishikwa na Mungu tu. Na huo si mkwaruzo, huo ni ufa, nyingine ikilia gurudumu litakwenda.

Umeniuliza kama nilipiga hata moja. Sikupiga. Watu wa Ibra wanafikiri nazijaribu bondeni. Hakuna niliyoijaribu hata siku moja. Nawapa wenyewe wajaribu, nami naingia ndani, nafunga dirisha, nafungua bomba la maji lichuruzike. Kujaza naweza, mlio siuwezi. Kwa baruti nyeusi haikudhuru kitu, kwa sababu haidanganyi.

Ibra, 5 Desemba

Nimerudi na barua hii nimempa Thani, akaondoka alfajiri, na sasa hivi amerudi nayo. Mvua imenyesha milimani na Wadi Batha imefurika, bonde zima ni maji. Hakuna gari inayopita. Simu ya hapa imekufa tangu mvua ianze. Nimezunguka soko zima namtafuta mtu mwenye njia nyingine ya Sur, wananitazama kama mwendawazimu. Turkiya kaniwekea chakula, sijui nilikula au la.

Wadi Batha, 7 Desemba

Naandika juu ya goti, ndani ya gari ya Thani, ukingoni. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa na yanabeba magogo ya mitende. Wenyeji wanasema jioni yatapungua, mtu mzima ataweza kuvuka kwa miguu akishika kamba, na upande wa pili ziko gari. Nitavuka. Barua hii naitia ndani ya kilemba, nikifika nitakupa mkononi.

Harusi ni kesho. Nikifika, bunduki za Aija zitakuwa zimekwisha kuanza. Shukriya, naogopa. Naogopa nisifike, na Mungu anisamehe, naogopa kufika.

Marhoun


Aija
20 Desemba 1977

Kaka yangu, shikamoo, na tena shikamoo.

Umefika salama? Umekula? Mgongo, au chochote ulichokuwa unaumwa? Turkiya nimemtilia halua na udi kwenye mkoba wa Thani. Sisi tu wazima, nasema wazima na nakihesabu kila kiungo cha mwanangu. Bi harusi ametulia, anajifunza kupika mchuzi wa papa kwangu, ananiita mama.

Uliondoka kabla ya chakula, hukumuaga mtu. Barua uliyonipa nimeisoma wageni walipokwisha kutoka, imelowa, wino umetapakaa, lakini nimeisoma yote. Sasa mimi nikwambie ulichokuwa hukioni, maana macho yako yalikuwa hayatazami mtu.

Mchele wa harusi ndio ulionisaliti. Asubuhi wapishi walichota pipa mpaka chini, mmoja akatoka uani na risasi kwenye ungo anauliza kama hizi nazo zinaoshwa. Watu wakacheka, Nadhir akanibusu kichwa akasema, "Mama, we' ushazeeka, unaficha kitu huku unakitafuta." Nikamshika kanzu nikamwambia asipige. Akauliza kwa nini. Wifi zangu wote wananitazama. Nikasema nimeota vibaya. Ndivyo nilivyosema, kaka, nimeota. Ilikuwa aibu yako na yangu mkononi, nikachagua ndoto. Sitajisamehe upesi.

Nilipanda darini na mrashi wako mkononi kwa sababu sikujua pengine pa kuuweka. Wakapiga wao, bunduki baada ya bunduki, kisha wakanyamaza. Nadhir akasogea kati, akainua bastola kwa mikono miwili kama ulivyomwagiza. Nikafungua mdomo kumwita.

Ndipo nikakuona unatoka kwenye mashua upande wa khori, kichwa wazi, kilemba shingoni, tope mpaka magotini. Mwenye mashua alituambia baadaye kuwa wakati wa kuvuka ulikuwa umeziba masikio kwa viganja na unasoma Yasini. Ukaingia katikati ya wanaume. Kijana mmoja mpumbavu, kwa furaha yake, akapiga tena hewani karibu na sikio lako. Ukasimama. Nikasema anaanguka. Hukuanguka. Ukaja mpaka kwa Nadhir, ukaweka kiganja chako juu ya gurudumu la bastola, ukasema, "Nipe, mwanangu." Akakupa.

Basi ukawa umesimama, bastola umeikumbatia kifuani, na uwanja mzima unakusubiri wewe. Tuwaini akasema, "Yallah, mjomba, jibu." Halafu nikaiona kanzu yako, mbele, chini ya kiuno, imelowa. Maji ya wadi yalikuwa yamekauka zamani, kaka.

Sijui ngazi nilizishukaje. Nilifungua mfuniko wa mrashi nikakumwagia wote, kifuani, tumboni, mpaka miguuni, nikapiga kigelegele mpaka koo likachanika. Wanawake wakapokea. Tuwaini kashangaa, akaniuliza, "Enhe, kwenu Unguja mjomba anajibu kwa marashi?"

Nikamwambia, "Kwetu mjomba anaogeshwa marashi, na silaha yake hailii siku ya furaha. Anaishika tu, watu waione."

Uongo mtupu, Mungu anisamehe, kwetu hakuna kitu kama hicho. Lakini wiki iliyopita kulikuwa na harusi nyumba ya tatu, na mjomba wa kijana, baharia mzima mwenye ndevu, alilowanishwa marashi mpaka akapiga chafya. Wanawake wa Aija wanasema ni desturi nzuri. Wengine wameanza kusema ni ya kwao tangu zamani.

Barua yako nilimsomea Marzouq, naye akawaambia ndugu zake. Tuwaini hakuamini. Aliifunga bastola kwenye gogo, akatia risasi moja, akafunga kamba, wote wakajificha nyuma ya ukuta wakavuta. Gurudumu lilipasuka. Kipande kimoja kimeingia ndani ya mlango wa ghala na hakitoki mpaka leo. Nadhir alikitazama, akakaa chini mchangani, akawa anaigeuza mikono yake, anaitazama huku na huku. Tuwaini akaja kwangu, yeye Tuwaini, akasema ndugu yako kaniokolea mwanangu na mkwe wangu kwa pamoja. Nilitaka uyasikie kwa kinywa chake, lakini ulikuwa umeshaondoka.

Nina neno moja na sitalirudia. Unadhani sikujua? Tangu usiku ule wa Unguja najua. Nilikuwa nimekuja kuwatembelea, Nadhir mdogo nimemwacha huku kwa bibi yake, nikawa nawe chini ya kitanda, kiganja chako mdomoni mwangu. Baba alitoka mlangoni akapiga moja hewani. Waliomjibu hawakupiga hewani. Nguo zako na zangu zililowa pamoja, kaka, hata leo sijui ni wewe uliyeanza au mimi. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Baba yetu alikuwa shujaa na tumelia vya kutosha. Na mwoga mwenye kuvuka Wadi Batha kwa kamba akaingia kwenye mlio wa bunduki, mimi sijui anaitwaje.

Usinijibu kama hutaki. Lakini usinune.

Mdogo wako,
Shukriya


Ibra
12 Januari 1978

Mdogo wangu Shukriya, marahaba, na salamu kwa wote, na kwa bi harusi mchuzi wake uive. Halua imefika, Turkiya ameificha asiile mtu, nami nimeipata. Baridi imeshika hapa, asubuhi tunaota moto kwa makuti ya mitende. Goti lake afadhali.

Tarehe unaiona hapo juu. Miaka yote siku hii nafunga mlango, sisemi na mtu. Leo nimekaa uani nakuandikia.

Nilinuna, usifikiri sikununa. Barua yako niliisoma nikaitia chini ya godoro wiki nzima, sikutaka hata kuiona bahasha. Mtu akifika umri wangu hapendi kuambiwa alilowa wapi na lini. Juzi Turkiya alitaka kuifua ile kanzu, akaniuliza kwa nini inanuka mawaridi namna hii, na kwa nini nimeikunja nikaiweka sandukuni chafu na tope lake. Nikamwambia mambo ya harusi. Akakaa mbele yangu hakuondoka. Mwisho nikamwambia yote, tangu kitanda mpaka mrashi. Amelia, kisha amecheka, kisha akauliza marashi yale ni ya duka gani. Kanzu bado haijafuliwa.

Watu wa Bidiya wamekuja na maganda yao. Nimewarudishia. Nimewaambia macho yamechoka, na baruti ya siku hizi siijui. Ile iliyobaki nimeimwaga kwenye falaji ya juu usiku wa mvua, nadhani mitende ya watu itakohoa. Kifuniko cha wanja nimekirudisha juu ya kichupa chake, kimekaa sawa sawa, kama hakikupata kutoka.

Kipande kilichoingia mlangoni kiacheni hapo hapo. Mwambie Nadhir kila akipita akiguse, halafu aiguse mikono yake, halafu amshukuru Mola wake.

Tamima akijaaliwa mtoto najua jamaa zako watapiga tena, hawawezi kujizuia. Niletee habari mapema. Nitakuja kabla hawajaanza, na safari hii nitakaa mpaka chakula. Nitaogopa, hilo usilitie shaka. Wewe kaa karibu yangu, na mrashi uwe umejaa.

Kaka yako,
Marhoun